Dakika Arobaini na Sita

2 Machi

Nimeanza kazi. Ofisi ya bwawa iko ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Dirisha linatazama maegesho ya magari na tangi la maji lililoshika kutu. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi, wameutegemeza kwa kitabu kikuukuu cha namba za simu. Mkataba ni wa msimu mmoja wa mvua. Kazi yenyewe, kwa maneno ya Mkurugenzi: "Programu yetu inatambaa. Nataka ikimbie."

Niandike vizuri hapa, maana najijua, nikishachanganyikiwa huwa nasahau hata nilipoanzia. Juu ya bwawa kuna vituo arobaini na sita vinavyopima kina cha mito. Kila siku saa sita mchana kila kituo hutuma faili lake kwa mtandao: vipimo vya siku nzima, kwa milimita, mstari mmoja kila dakika tano. Programu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, huyasoma mafaili hayo, huchukua kipimo cha mwisho cha kila kituo, hukilinganisha na mafaili ya miaka kumi na miwili iliyopita, kisha hutoa ripoti ya ukurasa mmoja. Kituo kikipita milimita elfu tatu na mia tano, malango yanafunguliwa na king'ora kinalia ili watu wa bondeni wapande juu. Ripoti ya saa sita hutoka saa nane kasoro dakika kumi. Maji hayangoji muda wote huo.

Jambo moja sikulisema kwenye usaili, na hakuna aliyeniuliza: aliyeiandika programu hii ni baba mkwe wangu.

4 Machi

Nimeisoma tangu asubuhi. Majina yote yamo kwa Kiswahili: soma_faili, tafuta_kituo, andika_ripoti. Maelezo hakuna. Mzee anafungua faili, anasoma mstari wa kwanza herufi moja moja, analifunga. Kisha analifungua tena, anauruka mstari wa kwanza, anasoma wa pili, analifunga. Hivyo hivyo hadi mwisho, kwa mafaili ya miaka kumi na miwili! Ni kama mtu anayesoma kitabu, na kila akimaliza sentensi anakifunga na kuanza upya ukurasa wa kwanza.

Nilicheka kwa sauti. Karani wa masjala akainua kichwa, akakirudisha.

6 Machi

Simu ya mezani ililia. "Wewe ndiye mgeni wa kompyuta?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mlinzi wa malango. Huku wananiita Bi Lango, na wewe niite hivyo hivyo. Nina miaka kumi na tisa hapa. Nimekupigia ujue tu kwamba kuna mtu upande wa pili wa ripoti zako."

Akakata. Sikujua kama nimekaribishwa au nimeonywa.

10 Machi

Tunaishi kwa wakwe, mimi na mume wangu, vyumba viwili vya uani. Baba mkwe tangu astaafu hushinda barazani na fumbo la maneno la gazeti. Mimi na yeye ni shikamoo na marahaba, heshima tupu, mazungumzo hatuna. Leo ndiye aliyeanza.

"Nasikia uko pale kwangu."

"Ndiyo, Baba."

"Programu bado inafanya kazi?"

"Inafanya, Baba."

"Polepole?"

Nikatazama chini. "Polepole kidogo."

Akanyanyua kalamu. "Herufi sita: asiyesikia."

"Kiziwi," mume wangu akajibu kutoka ndani.

Akaandika. Nimebaki najiuliza kama kweli neno hilo lilikuwa gazetini.

13 Machi

Nimebadilisha usomaji. Badala ya kukausha kisima kwa kijiko, sasa nachota kwa ndoo: nafungua faili mara moja, nalisoma lote kwa mkupuo, nalifunga. Nilipima kila kipande cha kazi kwa saa. Jumla yake ni dakika mbili. Lakini ripoti imetoka baada ya dakika arobaini na nane.

Dakika arobaini na sita zimekwenda wapi? Kompyuta haisomi, haihesabu, haiandiki. Imekaa tu.

16 Machi

Bado sizioni.

17 Machi

Nimezipata. Kuna fanksheni ndogo, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, imejibanza mwishoni kabisa, inaitwa subiri. Inatazama ukubwa wa faili la leo, inalala dakika moja, inatazama tena. Ukubwa ukiwa ule ule, inaendelea. Ukiwa umebadilika, inalala tena. Vituo arobaini na sita, dakika arobaini na sita. Juu yake neno moja tu: usiguse.

Nilikaa nayo saa nzima. Sikuona kazi yake. Pengine kompyuta za zama zile zilihitaji kupumzika. Pengine Mzee naye alihitaji.

Nimeifuta.

20 Machi

Siku tatu nimeziendesha zote mbili, ya zamani na yangu, sambamba. Majibu yanalingana hadi tarakimu ya mwisho. Yangu: dakika moja na sekunde hamsini.

Mkurugenzi aliwaita wote, hadi mhudumu, wasimame nyuma ya kiti changu watazame. Ripoti ilipotoka akapiga makofi. "Mnaona? Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Ya zamani imezimwa leo.

Nyumbani sikusema kitu.

27 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la uani linavuja palepale pa mwaka jana.

28 Machi

Mvua.

30 Machi

Kituo cha Kumi na Tisa: jana 960, leo 97. Mto unakaukaje wakati mvua inanyesha? Nikaendesha programu upya. 971. Nimeona vibaya, basi. Macho yamechoka.

2 Aprili

Sikuona vibaya. Leo niliichapa ripoti kwa makusudi, nikaiweka mezani. Kituo cha Thelathini: 205. Nikaendesha tena papo hapo: 2051. Nikaendesha mara kumi: 2051 mara zote kumi.

Programu ni ile ile. Faili ni lile lile. Karatasi inasema 205 na nimeishika mkononi. Nimepitia msimbo wa programu mstari kwa mstari, nikaukagua mpaka kule kutokuwa na kosa kukaanza kunitisha. Programu inayokosea kila siku naijua, utaikamata tu. Hii inakosea mara moja, kisha ukiigeukia inakuwa msichana wa shule siku ya ukaguzi.

Nilimwambia Mkurugenzi. "Sasa hivi iko sawa?" akauliza.

"Sasa hivi iko sawa, lakini…"

"Basi iko sawa."

3 Aprili

Jua. Hakuna kosa.

5 Aprili

Jua. Hakuna kosa. Naanza kuamini ni mimi niliyeharibika.

7 Aprili

Mvua mfululizo. Mtandao unakwenda kwa kuchechemea.

9 Aprili

Naandika haya jioni.

Ripoti ilitoka saa sita na dakika mbili. Vituo vyote viko chini ya kiwango. Kituo cha Nne: 418. Mkurugenzi akatia saini, ikatumwa kwenye malango. Saa sita na robo simu ikalia.

"Mwanangu, Kituo cha Nne kinasema ngapi?"

"Mia nne na kumi na nane, Bi Lango."

"Hizo si sentimita arobaini? Si magotini hapo?"

"Ndiyo."

Nilisikia mvua upande wake, na nyuma ya mvua kitu kingine, kama lori linalopanda mlima bila kufika. "Jana kilikuwa zaidi ya mita tatu. Mvua haikukatika usiku kucha. Leo kimeshuka magotini? Una hakika na mashine yako?"

Nilipaswa kusema sina. Ningemwambia habari ya 97, ningemwambia habari ya 205. Nikasema, "Ndivyo ilivyoandika."

"Sikukuuliza ilivyoandika."

Akakata. Nikaendesha programu upya, na mkono ulishajua kabla ya macho. Kituo cha Nne: 4187. Mita nne na zaidi. Nikampigia, hakupokea. Nikakimbilia kwa Mkurugenzi, yuko kikaoni, mlango umefungwa. Nikagonga. Nilikuwa bado nagonga king'ora kilipolia, kule mbali, kikipanda na kushuka. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Bi Lango alikuwa amefungua malango bila amri ya mtu.

Maji yalishuka bondeni yakachukua bustani za mboga, vitalu vyote vya miche na daraja la miguu. Watu walikuwa wameshapanda juu. Hakuna aliyekufa. Nalirudia maana ndilo jambo pekee leo ninaloweza kulisimamia: hakuna aliyekufa.

10 Aprili

Mkurugenzi amemsimamisha Bi Lango kazi. Ripoti iliyosainiwa inasema hatari haikuwapo. Yeye kafungua, kaharibu mali za watu. Alipopita mezani kwangu nikampa karatasi ya 4187. Akaziweka karatasi mbili pamoja juu ya meza.

"Kituo kimoja, saa ile ile, na namba mbili. Niamini ipi?"

"Ya pili, mkuu. Faili lenyewe linasema."

"Faili." Aligeuza kompyuta yangu akaonyesha kwa kidole. "Linasema limeandikwa mara ya mwisho saa sita na dakika tatu. Ripoti ilitoka saa sita na mbili. Nani aliligusa faili baada ya ripoti?"

Hakusema neno 'umeghushi', ila alilizungukia kama paka anavyozungukia kikaango. Kituo chenyewe kimesombwa na maji siku ile ile, hakuna pa kwenda kupima. Bwawa halikujaa, kwa sababu malango yalifunguliwa mapema. Ukishaliepusha janga, ushahidi wake unakwenda nalo.

Kikao ni tarehe ishirini.

12 Aprili

Nilikwenda kwa Bi Lango. Ana nyumba ndogo nadhifu, buti zake za mpira zimegeuzwa kichwa chini juu ya vijiti viwili, zikauke. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Kaa kwanza. Kosa umelijua?"

"Bado."

"Basi unaomba radhi ya nini? Kalitafute."

14 Aprili

Nimeendesha programu mara mia mbili. Mara mia mbili 4187.

15 Aprili

Nimemweleza mume wangu yote. Akasema, "Kamuulize Baba." Nikasema nimeifuta kazi yake na kuicheka, namuulizaje? Akasema, "Kwani amejua kwamba ulicheka?" Hilo halikunisaidia.

16 Aprili

Nimepita kwa mama mkwe, kama ipasavyo. Akaingia, akatoka. "Nenda. Ila usimzunguke, hapendi kuzungukwa."

Baba alikuwa barazani, miwani kwenye paji la uso. Nilikaa mkekani, nikamweleza bila kumzunguka: usomaji nilioubadilisha, dakika arobaini na sita, neno usiguse, 97, 205, 418, saa sita na dakika tatu. Hakunikatiza hata mara moja.

"Uliifuta subiri," akasema mwishoni.

"Ndiyo, Baba. Nilidhani…"

"Ulidhani nililala. Ulipoifuta, ulijiuliza ilikuwa inasubiri nini?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. "Sikujua pa kuuliza."

"Mimi nakaa mlango wa mbele, wewe mlango wa nyuma." Akachukua gazeti, akachana kipande kirefu, akaandika juu yake 4187 kwa tarakimu kubwa. Akakishika kwa vidole viwili na kukipitisha polepole ukingoni mwa meza, tarakimu moja moja zikijitokeza upande wangu. "Faili haliji kama jiwe, linarushwa ukalidaka. Linakuja kama kamba, linavutwa. Mtandao ukiwa mzima, huoni tofauti. Mvua ikinyesha, mtandao unachoka, kamba inavutwa kwa shida. Na wewe saa sita na dakika moja unasoma. Soma sasa."

Alikuwa amesimamisha karatasi. "Nne, moja, nane," nikasoma.

"Mia nne na kumi na nane." Akamalizia kuivuta, ile saba ikatokea. "Hiyo ni saa sita na dakika tatu. Hakuna aliyeligusa faili. Lilikuwa halijamaliza kufika."

Nilibaki nakitazama kipande cha gazeti. Kila mara niliporudia, faili lilikuwa limeshafika. Ningeweza kurudia hadi mwaka kesho. Na kosa lilikuja na mvua tu, yaani siku zile tu ambazo ripoti inahitajika. Zile siku tatu nilizolinganisha programu mbili, jua lilikuwa linawaka.

Kisha nikasema jambo ambalo mkwe hasemi. "Baba, ungeandika sababu. Uliandika usiguse tu."

Mama mkwe, aliyekuwa dirishani akijifanya anakunja nguo, aliacha kukunja.

Mzee alivua miwani. "Mwaka wa pili wa programu ile, ripoti yangu ilisema 36. Kituo kilikuwa na 3620. Malango yakabaki yamefungwa wakati yalitakiwa yaanze kupunguza. Usiku wake yalifunguliwa yote kwa mpigo. Mfinyanzi mmoja bondeni alipotea na tanuri lake. Hawakumpata." Akaikunja miwani. "Nikaiandika subiri. Sikumweleza mtu. Ningeandika sababu, ningeandika na habari ya mfinyanzi. Basi nikaandika usiguse."

Nikakikunja kile kipande cha gazeti.

"Ndiyo," akasema, si kwangu hasa. "Ningeandika sababu."

20 Aprili

Kikao. Baba alikuja amevaa koti lake la kazini, linambana kifuani. Mkurugenzi alimfahamu, akasimama.

Nilileta kompyuta mbili na waya mmoja. Moja ikawa kituo, nyingine ofisi. Nikaupunguza mwendo wa mtandao kati yao hadi ukafanana na wa siku ya mvua. Nikatuma faili lile la tarehe tisa, nikaendesha programu yangu mbele ya wote. Kituo cha Nne: 418. Nikawaomba wangoje. Dakika mbili chumba kizima kilitazama skrini, feni ikizunguka. Nikaendesha tena. 4187.

"Hakuna aliyeghushi," nikasema. "Nilifuta kinga bila kujua inakinga nini. Na niliona dalili mara mbili, na Bi Lango aliponiuliza sikumwambia. Yeye alifungua kwa sababu namba yangu ilikuwa ya uongo na akaujua mto kwa masikio."

"Kwa hiyo kosa ni lako," Mkurugenzi akasema.

"Ni langu. Na makofi yalikuwa ya kwetu sote, mkuu."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Baba akainuka, akasema habari ya 36, ya mfinyanzi na ya tanuri, kwa sentensi tatu, akaketi. Karani wa masjala alikuwa ameacha kuandika.

Bi Lango amerudishwa kazini. Mimi nimebakizwa hadi mvua ziishe, kwa sababu, nilivyoambiwa, hakuna mwingine wa kuirekebisha. Alipokuwa akitoka Bi Lango alinishika bega. "Umelitafuta."

"Nimelipata, Bi Lango. Sasa nisamehe."

"Sasa sawa."

24 Aprili

Sikuzirudisha dakika arobaini na sita. Baba mwenyewe amekataa: "Kulala dakika moja ni kubahatisha tu. Mtandao ukikwama dakika mbili, umedanganywa."

Sasa kituo hutuma faili kwa jina la muda, kisha hulipatia jina lake halisi likishafika lote. Mstari wa mwisho lazima useme MWISHO na idadi ya mistari. Programu inahesabu, isipolingana inalikataa. Kila mahali nilipoamini tu kwamba faili limefunguka au limesomeka, sasa nauliza. Faili likikataliwa mara tatu, programu haibahatishi namba. Inaandika HAIJULIKANI. Muda wote: dakika nne, siku mbaya sita.

Nilimpa Baba karatasi na kalamu, nikamwomba aandike maelezo ya juu, yeye mwenyewe. Yana mistari kumi na moja. Nimeyanakili ndani ya msimbo kama yalivyo, na mfinyanzi yumo.

30 Aprili

Mvua. Ripoti safi, hata ya Kituo cha Nne, kilichojengwa upya.

4 Mei

Mvua. Baba kaniuliza barazani: "Herufi tano: kitu kisichorudi." Nikasema wakati, akasema hizo ni sita. Hatujalipata.

8 Mei

Mvua kubwa kuliko ya tarehe tisa. Ripoti ilitoka saa sita na dakika sita. Vituo arobaini na vitatu vina namba. Vitatu: HAIJULIKANI. Kimoja kati ya hivyo ni Kituo cha Kwanza, kilicho hatua mia mbili tu juu ya malango.

Mkurugenzi alikuja nayo mkononi. "Nitatiaje saini karatasi inayosema haijui?"

"Ndiyo kweli yake, mkuu."

"Jana kilikuwa na ngapi? Weka ya jana."

"Hapana."

Alisimama pale, maji yakimtiririka kutoka kwenye mwavuli hadi sakafuni. Sikujua ataninyang'anya kiti au la. Akaegemea meza yangu, ikayumba kwa ule mguu mfupi, akatia saini, akaondoka.

Simu ililia saa sita na robo.

"Leo mashine yako inasema haijui."

"Ndiyo, Bi Lango. Vituo vitatu haivijui."

"Afadhali. Nakwenda kukitazama mwenyewe hicho cha karibu."

Nilikaa na mkono wa simu sikioni hata alipokwisha kukata. Karani akafunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia. Saa saba kasoro ishirini akapiga tena, anahema.

"Mita tatu na sentimita sitini, na mto unapanda bado. Nafungua."

"Fungua," nikasema.

Ndipo nikakumbuka kwamba si mimi mwenye mamlaka ya kumruhusu, na kwamba yeye hakuwa ameniomba. King'ora kilikuwa kimeshaanza kulia.